Ndevu zilikuwa jambo dogo

Nikimwambia mtu kwamba nilisomea uhandisi Saint Petersburg, haipiti muda ataniuliza kuhusu Petro Mkuu na ndevu. Ni kweli yule Tsar, yaani mfalme wa Urusi, aliwanyoa watu wazima kwa lazima? Ni kweli. Mwishoni mwa Agosti 1698 alirudi Moscow kutoka safari yake ndefu ya Ulaya Magharibi. Wakubwa wa nchi wakaenda kumlaki kijijini Preobrazhenskoye, naye baada ya kuwakumbatia akashika wembe. Wa kwanza kupoteza ndevu alikuwa Aleksei Shein, jemadari wa majeshi. Patriaki wa kanisa aliachwa, na wazee wachache sana. Wengine wote walinyolewa.

Watu huicheka hadithi hii, na mimi kicheko hicho kinaniudhi. Kwa Mrusi wa Kiorthodoksi wa zama zile ndevu hazikuwa pambo. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na ndevu ni sehemu ya mfano huo. Kuzinyoa ni kuharibu kazi ya Muumba. John Perry, mhandisi Mwingereza aliyeajiriwa na Petro kwa kazi za mifereji, anaeleza kwamba akiwa Voronezh alikutana na seremala mzee aliyetoka kwa kinyozi muda uleule. Perry akamtania, akamuuliza ndevu zake kaziweka wapi. Mzee akatia mkono kifuani, akazitoa. Alisema atazitunza mpaka siku ya kufa kwake, ziwekwe naye ndani ya jeneza, ili akifika huko mbele apate la kumjibu Mtakatifu Nikolai. Na mafundi wenzake walikuwa wamefanya vivyo hivyo.

Mwaka 1705 jambo likawekewa bei. Ofisa au mtu wa ukoo wa kikabaila aliyetaka kubaki na ndevu alilipa rubli 60 kwa mwaka, mfanyabiashara mkubwa rubli 100. Mapadri na wakulima wa vijijini walisamehewa, ila mkulima akiingia mjini alitoa kopeki, yaani sehemu ya mia ya rubli, langoni, na akitoka akatoa tena. Aliyelipa alipewa kipande cha shaba. Niliwahi kukitazama kimoja nyuma ya kioo cha makumbusho: ni kidogo, kimechakaa pembeni. Upande mmoja kuna tai wa vichwa viwili na mwaka, upande wa pili pua, masharubu na ndevu bila uso wowote, na juu yake maneno mawili ya kusema kwamba pesa zimepokelewa. Mwenye ndevu alitembea nacho ili akisimamishwa akitoe. Nilikaa nacho muda mrefu kuliko mapambo yote ya dhahabu ya ukumbi ule, maana kinaonyesha serikali ya Petro jinsi ilivyokuwa: imeingia mpaka kwenye kidevu cha mtu, na imetoka huko na mapato.

Lakini ndevu, na makoti marefu yaliyopigwa marufuku kuanzia 1700, na mwaka mpya uliohamishwa kutoka Septemba kwenda Januari, yote hayo ni ya juujuu. Yanakumbukwa kwa sababu yanaonekana. Mimi nikimfikiria Petro nafikiria mambo mawili: namna alivyojifunza, na nani aliyelipa gharama.

Kujifunza kwanza, kwa sababu hapo nampenda, na sioni sababu ya kuficha. Alizaliwa 1672. Akiwa na miaka 10 alitawazwa pamoja na Ivan, kaka yake wa baba mmoja, na mwaka huohuo askari wa streltsy, kikosi cha zamani cha bunduki cha Moscow, walivamia Kremlin, ngome yenye ikulu, na kuwaua ndugu na washauri wa mama yake mbele ya macho yake. Baada ya hapo aliishi zaidi nje ya ikulu, karibu na mtaa wa wageni wa Moscow, akicheza na mafundi, wanajeshi na wafanyabiashara wa Kiholanzi, Kijerumani na Kiskoti. Mwaka 1688 alikuta mashua kuukuu ya Kiingereza imetupwa ghalani Izmailovo. Akauliza inatofautianaje na mashua za Kirusi. Akajibiwa kwamba hii inaweza kwenda hata upepo ukija kwa mbele. Hapo ndipo yote yalipoanzia. Kijana ambaye nchi yake haikuwa na bahari isipokuwa ile ya kaskazini kule Arkhangelsk, inayoganda nusu mwaka, alishikwa na hamu ya merikebu ambayo haikumtoka mpaka kifo.

Mwaka 1697 aliondoka na ujumbe wa watu wapatao 250, akijiita Pyotr Mikhailov, kana kwamba ni mmoja tu wa wasafiri. Mtu mwenye urefu wa mita mbili na zaidi hajifichi kirahisi, na Zaandam kule Uholanzi watu walimzonga hadi akahama. Akaenda Amsterdam, kwenye kiwanda cha merikebu cha Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki. Pale alishika shoka na tezo kwa miezi, kuanzia kulaza mkuku mpaka merikebu kushushwa majini, na fundi wake, Gerrit Claesz Pool, akampa cheti cha kuthibitisha kwamba anaijua kazi.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi katika maisha yake yote. Alipokwishakuwa na cheti mkononi, Petro alimwomba fundi wake amfundishe vipimo vya merikebu kwa michoro na hesabu. Fundi hakuweza. Waholanzi walikuwa wanajenga merikebu bora kwa mazoea, kwa jicho na mkono, wakirithishana. Petro baadaye aliandika mwenyewe kwamba jambo hili lilimchoma sana, kwa kuwa alisafiri mbali vile halafu hakupata kiini alichokifuata. Akiwa kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja, amekaa na huzuni, Mwingereza aliyekuwepo akamwambia kwamba kwao kazi hii inafundishwa kwa michoro, na kwamba mtu anaweza kuijua kwa muda mfupi. Mwanzoni mwa 1698 Petro akavuka kwenda London, akakaa Deptford karibu na kiwanda cha merikebu cha mfalme, akajifunza alichokosa.

Sisi tunaochora kabla ya kujenga tunajua tofauti hiyo ina uzito gani. Mkono peke yake unakupa merikebu moja. Mchoro unaweza kuutuma kwenye mji mwingine, na mtu usiyemjua akaijenga. Mtawala aliyeiona tofauti hiyo akiwa na miaka 25, akiwa na vumbi la mbao nguoni, si mwigaji. Kuna wasomi wa Kirusi waliomlaumu kwamba aliiga Ulaya mavazi na adabu. Aliiga, ndiyo. Lakini kule Amsterdam aliuliza swali ambalo wenyeji wenyewe hawakuwa wakiliuliza.

Safari ilikatizwa na habari za uasi mpya wa streltsy. Alirudi, na baada ya kuwakata wakubwa ndevu aliwakata streltsy vichwa. Zaidi ya 1,000 waliuawa katika miezi iliyofuata, baada ya mateso, na miili ikaachwa ikining'inia kwenye kuta za Moscow majira ya baridi yote. Mikono ni ileile.

Kutoka London aliwaajiri walimu, akiwemo Henry Farquharson, Mskoti wa hisabati. Mwaka 1701 shule ya hisabati na uongozaji wa merikebu ikafunguliwa Moscow, na makao yake yakawa mnara wa Sukharev, ambao juu yake nyota ziliweza kupimwa vizuri. Mwaka 1703 Leonty Magnitsky, aliyefundisha hapo, alichapa kitabu cha hesabu kilichotumia tarakimu tulizozizoea, wakati Warusi walikuwa bado wanaandika namba kwa herufi za Kislavoni. Miaka michache baadaye herufi zenyewe zikarahisishwa kwa ajili ya vitabu visivyo vya kanisa. Petro alikaa na sampuli za kiwanda cha chapa, akazikata kwa kalamu yake herufi asizozitaka. Gazeti la kwanza la kuchapwa lilitoka katika miaka hiyohiyo.

Hata hivyo shule hizi hazikuwa mahali pa raha. Mwaka 1714 watoto wa makabaila waliamriwa kusoma hesabu na jometri, na asiye na cheti asioe. Katika Chuo cha Jeshi la Majini, kilichofunguliwa Saint Petersburg 1715, kanuni ilitaka kila darasa liwe na askari mstaafu mwenye kiboko, wa kuwachapa wanafunzi wakileta fujo, hata kama wanatoka kwenye koo kubwa. Aliyejifunza mwenyewe kwa hamu hakuamini kwamba mwingine anaweza kujifunza kwa hamu. Hilo linanisikitisha kuliko mengi aliyoyafanya.

Saint Petersburg kuna nyumba ambayo kila mgeni ningependa aanzie, kabla ya majumba ya kifalme. Iko ukingoni mwa mto Neva, ndani ya jengo la matofali lililojengwa baadaye kuikinga. Ni nyumba ya magogo ya msonobari, iliyojengwa na maseremala wa jeshi kwa siku tatu, Mei 1703, mji ulipoanza. Ina vyumba viwili vya kukaa na kijikorido. Dari ni ya chini, mlango ni mfupi, na Petro lazima aliinama kila alipopita. Alilala hapa ilhali ng'ambo ya mkondo, kwenye kisiwa cha Zayachy, ngome ya Petro na Paulo inapanda. Ukisogea karibu na ukuta unaona kitu cha ajabu: magogo yamechongwa bapa kwa nje, kisha yakapakwa rangi nyekundu na kuchorwa mistari, yafanane na matofali. Fundi hodari wa mbao, mtu aliyejua kila kiungo cha magogo yale, alitaka nyumba yake ionekane ya Kiholanzi. Nilizunguka pale mara nyingi nikitafuta pembe ambayo uongo ule ungenidanganya, sikuipata.

Matofali na mawe ya kweli yalikuja baadaye, kwa amri. Mwaka 1714 alipiga marufuku kujenga nyumba za mawe mahali pengine popote nchini ili waashi wote waende kwenye mji wake. Kila merikebu na kila mkokoteni ulioingia ulitakiwa kuleta mawe. Wakulima waliitwa kwa zamu kutoka mikoa ya mbali, na kwa mwaka amri zilitaka watu hadi 40,000, ingawa waliofika hawakutimia. Walifanya kazi kwenye tope na maji ya kinamasi, na walikufa kwa maelfu. Mwaka 1712 mji huo ukawa makao makuu ya nchi.

Wakati huohuo kulikuwa na vita na Uswidi, miaka 21 ya vita. Mwaka 1700 jeshi la Urusi lilipigwa vibaya Narva na kupoteza mizinga yake. Petro akaamuru kengele za makanisa ziteremshwe, ziyeyushwe, zitengenezwe mizinga mipya. Mwaka 1709 akamshinda Karl XII, mfalme wa Uswidi, huko Poltava. Mkataba wa Nystad wa 1721 ukampa pwani ya Baltiki, naye akajitangaza kaizari. Sitakaa sana kwenye vita. Ninachotaka kikumbukwe ni kwamba kuanzia 1705 kila kaya 20 zilitakiwa kutoa mwanamume mmoja, na huyo alikwenda kutumikia maisha yake yote. Vijijini walimlilia kama maiti. Wengi walipotoroka njiani, serikali ikaanza kuwachanja alama ya msalaba mkononi, ili atakayekamatwa ajulikane.

Bado kuna mtu mmoja ambaye kila nikimtaja, wasikilizaji wangu hunyamaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 mtoto wa Kiafrika, aliyechukuliwa kwao na kupelekwa Konstantinopoli, aliletwa Moscow. Petro akawa baba yake wa ubatizo mwaka 1705. Mtoto alikua akimfuata Tsar safarini na vitani, akalala karibu na chumba chake, na mwaka 1717 akaachwa Ufaransa asomee uhandisi wa kijeshi. Huyo ni Abram Petrovich Gannibal. Alirudi 1723 na maktaba yake ya vitabu, akafundisha hisabati kwa askari wa mizinga, akaandika kitabu cha jometri na ujenzi wa ngome. Petro alipokufa, mahasimu wakamtupa Siberia. Chini ya malkia Elizabeth, binti wa Petro, alipanda tena: mkuu wa ngome ya Reval, ambayo leo ni Tallinn, na hatimaye jenerali. Mshairi Aleksandr Pushkin ni kitukuu chake.

Hiyo ndiyo Urusi ya Petro ikiwa katika ubora wake. Jedwali la Vyeo la 1722 liligawa utumishi wa umma katika ngazi 14, na mtu asiye na ukoo aliyefika ngazi fulani alipata ukabaila yeye na uzao wake. Mfumo huo ulidumu mpaka 1917. Baba wa Lenin, aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliupata ukabaila kwa njia hiyo. Mtu alipimwa kwa anachokijua na anachokifanya, angalau kwa sehemu, na mtoto aliyeuzwa aliweza kuwa jenerali.

Na Elizabeth alipomzawadia Gannibal mashamba katika eneo la Pskov, alimpa na watu. Mamia ya wakulima wakawa mali ya jenerali Mwafrika. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Ngazi ilikuwa wazi kwa wachache, na chini yake walisimama wengi ambao Petro aliwafunga kwa nguvu zaidi kuliko alivyowakuta.

Hapo ndipo naona swali lenyewe lilipo. Utwana, yaani mkulima kufungwa kwenye ardhi ya bwana wake, ulikuwepo kabla yake. Lakini jeshi jipya, merikebu mpya, mji mpya na viwanda vilihitaji fedha na mikono, na hakukuwa na mahali pengine pa kuvitoa. Viwanda vya chuma vya milima ya Ural, kama kile cha Nevyansk cha Nikita Demidov, vilifanya chuma cha Urusi kinunuliwe hadi Uingereza. Mwaka 1721 wafanyabiashara wakaruhusiwa kununua vijiji vizima na wakazi wake kwa ajili ya viwanda. Tanuru la kisasa, mfanyakazi mtwana.

Kisha ikaja kodi ya kichwa. Sensa ilianza 1718, kodi ikaanza kukusanywa 1724. Hesabu yake ni nyepesi mno kwa kitu kizito vile: gharama ya jeshi kwa mwaka, takriban rubli milioni 4, ikagawanywa kwa idadi ya wanaume walioandikwa, zaidi ya milioni 5. Jibu likawa kopeki 74 kwa kila mwanamume. Kila mwanamume maana yake ni pamoja na kichanga na mzee asiyeweza kunyanyuka. Aliyekufa aliendelea kubaki kwenye orodha mpaka sensa nyingine, hivyo waliobaki hai walimlipia. Bwana shamba ndiye aliyewajibika kodi ipatikane, na kwa hiyo akapewa mamlaka zaidi juu yao; mkulima hakuweza kwenda mbali kutafuta kazi bila ruhusa ya maandishi. Waliokuwa watumwa wa nyumbani, ambao zamani hawakulipa kodi kwa kuwa hawakuhesabiwa kuwa watu wa serikali, waliingizwa kwenye orodha ileile, na tofauti kati yao na wakulima ikafutika. Vikosi vya jeshi vikapangwa kukaa wilayani, kwa wale wanaowalipia, vikisaidia kukusanya.

Nimebishana na marafiki wa Kirusi juu ya hili kwenye meza nyingi. Jibu lao la kawaida ni kwamba namhukumu mtu wa miaka ya 1700 kwa macho ya leo, na kwamba bila ukali ule Urusi ingemezwa na majirani. Hoja ya majirani naiheshimu, maana Wapolandi walishawahi kukaa Kremlin karne moja kabla yake. Ila hii ya macho ya leo siikubali, na ushahidi wangu ni watu wake mwenyewe.

Petro alifariki Januari 1725, kwa kalenda yao, akiwa na miaka 52. Haukupita muda, Aleksandr Menshikov, rafiki yake wa tangu ujana na mtekelezaji wa karibu kila amri yake, akiwa na wakubwa wenzake, waliandikia serikali kuhusu hali ya vijijini. Walisema wakulima wamefilisika na wanakimbia, wengine mpaka Poland, na kwamba hawatishwi na kodi tu bali na maofisa na askari wanaokuja kuidai. Walisema mwanajeshi ameunganishwa na mkulima kama roho na mwili, na siku mkulima asipokuwepo hata mwanajeshi hatakuwepo. Hawa ndio waliojenga naye, waliokula naye, waliotajirika chini yake; na waliona, ndani ya miaka miwili ya kifo chake, yale ambayo marafiki zangu wanasema hayakuweza kuonekana.

Mjane wake, Catherine I, alikuwa amekwisha kuipunguza kodi ile kutoka kopeki 74 hadi 70. Utwana ulifutwa mwaka 1861, na kodi yenyewe ikaendelea kutozwa hadi miaka ya 1880.